Barua kwa shangazi yangu aliyenilea

Shangazi, shikamoo.

Najua utasomewa barua hii na wajukuu barazani. Waambie wasome polepole.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipita mtaa wa Spitalfields, London ya mashariki, nikienda kazini. Katikati ya majengo marefu ya ofisi, kipande cha uwanja kimewekewa kioo chini. Jumamosi iliyopita sikuwa na haraka, nikasimama juu ya kile kioo na kuinama. Chini kuna kuta za mawe mazito, za chumba kilichojengwa karibu mwaka 1320. Makaburi yalipojaa, mifupa ilifukuliwa ikawekwa humo, na juu yake palikuwa na kanisa dogo.

Chumba hicho kilikuwa cha hospitali. Walter Brunus na mkewe Roisia waliianzisha mwaka 1197, nje kidogo ya lango la mji liitwalo Bishopsgate, wakaiweka chini ya jina la Bikira Maria. Watawa wa Mtakatifu Augustino ndio waliokuja kuiendesha, pamoja na akina dada waliouguza wagonjwa. Hata jina la mtaa limetoka huko: "spital" ni hospitali, iliyokatwa na vinywa vya watu. Walipokelewa maskini, mahujaji na wajawazito. Sehemu kubwa ya tiba ilikuwa kitanda, chakula, na sala. Mwishoni ilikuwa na vitanda 180, na ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za Uingereza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokukumbuka. Mama akifia humo kwa uzazi, mtoto hakutupwa wala hakupelekwa kuombaomba. Hospitali ilimlea mpaka atimize miaka saba.

Shangazi, nilikaa kwenye benchi. Wewe hukuwa na vitanda 180. Ulikuwa na chumba kimoja, wanao wanne na kibatari, na marehemu mama alipofariki kwa kunizaa, ulinibeba kwenye kanga ukarudi nami nyumbani kwa miguu. Watu wengine walinong'ona kuwa mtoto wa namna ile haishi. Nimeyajua hayo ukubwani, tena kwa majirani. Wewe hujawahi kuniambia.

Wachimbuaji walipoanza kazi pale mwaka 1991, walitoa mifupa ya watu zaidi ya 10,500. Wengi walizikwa pamoja, tabaka juu ya tabaka. Kwanza ilidhaniwa ni tauni kuu ya karne ya 14, lakini vipimo vilionyesha mengi ya makaburi hayo ya pamoja ni ya zamani zaidi, karibu na miaka ya 1250. Mwaka 1257 volkano ya Samalas kule Lombok, Indonesia, ililipuka, na mwaka uliofuata Uingereza ilipata njaa kali. Wataalamu wamekuwa wakiyahusisha mambo hayo mawili. Nawafikiria wenye njaa wakijikokota kutoka mashamba hadi kwenye mlango ule, kwa sababu walisikia hapo mtu hafukuzwi.

Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, meya wa London, Richard Gresham, alimwomba auachie mji hospitali zake za maskini. St Bartholomew's ilipona, na ipo hadi leo. Hii ilifungwa mwaka 1539. Inaniuma kweli. Wale watoto ambao hawakuwa wametimiza saba, nani aliwachukua?

Panapo majaliwa nitakuja Tanga mwezi wa kumi na mbili, nikuonyeshe picha za zile kuta. Na kuna jambo nataka unieleze, Shangazi, tukiwa wawili tu, maana nimeshakuwa mtu mzima na sijawahi kukuuliza. Usiku ule wa kwanza, maziwa ulipata kwa nani?

Mwanao.