Risala ya wanachuo kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonesho ya sanaa na kazi za mikono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, viongozi wa dini na wa serikali ya kijiji, wazazi na walezi, wanachuo wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuja mwenyewe. Mara mbili zilizopita risala yetu ilipokelewa na mwakilishi, naye alituahidi kuifikisha.

Historia yetu ni fupi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu mzima aliyejua kusoma apate na ujuzi wa kumlisha. Chuo chetu ni tunda la kazi hiyo. Mengine yako kwenye ubao ofisini kwa Mkuu wa Chuo.

Mafanikio ni mengi. Batiki uliyovishwa getini imetiwa nta na rangi hapa hapa. Wasukaji wa ukili wametoa mikeka na makapu ambayo sasa yameingia soko la kimataifa, kwani mgeni mmoja kutoka Ulaya alinunua makapu mawili akaondoka nayo. Sabasaba tulishiriki pia, ingawa tulipewa kona ya meza. Na wapo kinamama wanaojifunza huku watoto wao wakiwa chekechea ya chuo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tuingie sasa kwenye jambo lenyewe. Changamoto hazikosekani, lakini kamati imekubaliana itaje moja tu, kwa kuwa mwaka jana tulitaja tisa na haikutatuliwa hata moja. Tunaomba tanuri la kuchomea vyungu, pamoja na banda lake.

Vyungu, mitungi na majiko ya udongo unayoyaona mezani vimechomwa shimoni, nyuma ya bweni, kwa kuni, vifuu na nyasi. Upepo ukigeuka, upande mmoja unaiva na mwingine unabaki mbichi. Moto ukipanda kwa pupa, unyevu uliobaki ndani ya udongo unageuka mvuke na chungu kinapasuka. Mlio wake tunausikia mpaka darasani. Asubuhi yake mama mmoja wa darasa la ufinyanzi, mkubwa kwa umri kuliko wakufunzi wote, huokota kimoja kimoja na kukigonga kwa kidole. Kikilia kama kengele, anakiweka kulia. Kikitoa sauti butu, anakiweka kushoto, hasemi neno. Juma lililopita vya kushoto vilikuwa vingi kuliko vya kulia. Ulivyovikuta mezani leo ni vya kulia tu.

Na hapo ni kiangazi. Masika yakishika, shimo linajaa maji, na vyungu vibichi vinapangwa chini ya vitanda bwenini kusubiri jua. Mama lishe wa stendi waliokuwa wameagiza majiko yetu wamenunua kwingine. Hatuwalaumu, wateja wao wanataka chai kila siku.

Lipo na agizo la Serikali. Tangu mwaka 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zinatakiwa ziache kuni na mkaa. Jiko la chuo limetii, wapishi wanapikia gesi. Sisi, hatua chache kutoka jikoni, tunateketeza mzigo mzima wa kuni kupata vyungu vichache. Wakaguzi wakija, tunaombwa tusiwashe siku hiyo.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi wa miaka mitatu iliyopita aliliridhia papo hapo, vigelegele vikapigwa, akaweka jiwe la msingi. Jiwe lipo. Utaliona mkono wa kushoto ukielekea maliwatoni, na jina la aliyeliweka linasomeka vizuri sana. Kwa sasa tunalianikia miyaa. Aliyefuata alituahidi mabati, na tulipofuatilia tuliambiwa suala liko kwenye mchakato. Mchakato tunauheshimu, ila mvua haiusubiri.

Wala hatujakaa tu. Wenzetu wa uashi wamefyatua matofali ya kuta na kuchimba msingi. Wa useremala wako tayari kupaua hata kesho. Kinachotushinda ni vitu vya kununua: matofali maalumu yanayohimili moto mkali, mabati 30, saruji, na mitungi ya gesi na vichomeo vyake. Ankara kifani za maduka matatu tumeziambatisha, asije mtu akasema hatukuleta makadirio. Nakala moja anayo Mkuu wa Chuo, nyingine tumebaki nayo sisi.

Tunakuomba, Mheshimiwa, kabla ya kukagua meza ukubali kutembea nasi mpaka shimoni. Na utakapotujibu, tunaomba kwa heshima zote utaje kiasi na tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele, daftari liko wazi. Baada ya hapo karibu sana ununue. Bei zimebandikwa, na risiti zinatolewa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maonesho,
kwa niaba ya wanachuo wote.