Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Simu Inayolia Ofisini

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13, na wiki hiyo iliyofuata tukaambiwa ifikapo Ijumaa tarehe 20 tuwe tumeondoka. Nilipanda basi la usiku na daftari mbili tu, nikidhani ni likizo ya wiki tatu.

Aprili, Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, Kilifi na Kwale hadi Juni, Mombasa hadi Julai. Baba alikuwa mpishi wa hoteli Malindi. Watalii walipokatika na mshahara ukakatika. Masomo yakahamia kwenye simu, bando likawa linagombania shilingi zile zile na unga. Mtandao ulipatikana chini ya mwembe wa jirani, tena kwa kubahatisha.

Lakini ya bando yamesemwa sana. Nakuandikia kuhusu mwenzangu wa chumbani.

Ndiye aliyekuwa akituchekesha bweni zima. Kufikia Mei alikuwa akinijibu kwa neno moja, "niko", kisha hata hilo likakoma. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kila Jumatano, tulipodhani yuko maktaba, alikuwa kwa mshauri nasaha. Chuo kilipofungwa mshauri naye akaenda kwao. Namba iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi yake ilikuwa ya simu ya mezani, na simu yenyewe imo ndani, nje kufuli.

Kwao walisema ana shetani. Na hata kutamka yaliyokuwa moyoni mwake kulitisha, maana sheria nayo ilikuwapo: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mwaka huo huo wa 2020, jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Sisi tuliporudi chuoni tulipokewa getini na kipimajoto, ndoo ya kunawia na tangazo la karo. Usingizi wetu ulikuwaje miezi yote ile, hakuna aliyeuliza.

Mwenzangu hakurudi. Yu hai, alhamdulillahi, anauza mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, na hapendi kuulizwa habari za chuo. Simlaumu.

Ombi langu ni dogo, Mheshimiwa, na sidhani linahitaji jopo jingine. Kila chuo kiwe na mshauri mwenye simu ya mkononi, wanafunzi wampigie bure, na alipwe hata geti likifungwa. Tena asingoje kupigiwa. Aliyezama kwenye huzuni hapigi simu; hata kuoga humshinda. Chuo kikifunga, waliokuwa wakienda kwa mshauri watafutwe mmoja mmoja, jinsi sisi tunavyotafutwa tukiwa na deni la karo. Na usiseme korona imepita. Wahadhiri wakigoma, wanafunzi hurudi nyumbani vile vile, na ofisi ile hubaki kimya vile vile.

Mwezi jana nilikwenda kuchukua cheti changu. Karatasi ingali mlangoni, na namba ni ile ile. Nikaipiga nikiwa nimesimama pale pale ukumbini, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nikaisikia ikilia ndani.

Wako mtiifu,
Mhitimu kutoka Kilifi