Kabla hujakimbia Shela, yatazame maji

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nimeupata ujumbe wako kwamba likizo hii utakimbia kila siku, mara peke yako, mara na mabinti wa ami yako. Sikukatazi. Ila umezoea baridi ya Nairobi na barabara za lami, na mbio za Lamu zina mambo yake. Isome barua hii yote kabla hujaja.

Kubwa kuliko yote ni maji. Njia ya ukingoni kutoka mjini Lamu hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3, na maji yakijaa sana baadhi ya sehemu zake hufunikwa. Ufuo wenyewe wa Shela unakwenda kama kilomita 12, lakini maji yakijaa unabaki utepe wa mchanga mlaini chini ya vilima, usiokimbilika.

Kwa hiyo usitazame saa tu, tazama na mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Piga hesabu hapo. Siku ya bamvua yenyewe, ukisali alfajiri ukatoka saa kumi na mbili, maji yameshaanza kutoka na ufuo unazidi kupanuka mbele yako. Hiyo ni asubuhi njema ya kukimbia. Siku mbili au tatu baadaye, kujaa kumesogea hadi saa kumi na mbili au saa moja, na maji bado ni makubwa, maana bamvua haiishi kwa siku moja. Siku hizo ufuo uache, asubuhi na jioni, kwa sababu jioni nako maji yatakuwa vivyo hivyo, na yakiwa makavu ni adhuhuri, jua la utosi. Kimbia njia ya ndani, ile isiyopita ukingoni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: saa kumi na mbili asubuhi yanapanda, lakini kupanda kwake ni kudogo. Unaweza kwenda, mradi uwe umerudi kabla ya saa mbili.

Kinachowanasa wengi ni hiki: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kisha saa ya tatu na ya nne peke yake hupandisha nusu ya kina chote. Mtu huondoka akiyaona yametulia, akirudi hakuna njia. Ikikutokea, usijaribu kuvuka majini ukishikilia ukuta. Mawe ya pale yana utelezi wa kijani, na mguu ukiteleza ni goti au kifundo. Panda njia ya ndani, au kaa pakavu upige simu.

Mchanga nao uusome. Kimbia pale palipolowa na kukazana, ambapo unyayo unaacha alama lakini kisigino hakizami zaidi ya upana wa kidole. Kikizama zaidi ya hapo, sogea chini kidogo kuelekea majini. Mchanga mlaini huvuta mshipa wa nyuma ya kisigino na misuli ya shavu la mguu, na maumivu hujitokeza kesho yake, wakati umeshajidhuru. Wiki ya kwanza usizidishe dakika 10 juu yake. Tena ufuo umeinama kuelekea baharini, hivyo mguu wa upande wa maji unashuka chini kuliko mwenzake. Ukienda na kurudi njia hiyo hiyo, miguu hugawana kazi. Usiende moja kwa moja kisha ukarudi kwa boti, utaumwa nyonga upande mmoja.

Upepo: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, utakupiga usoni ukienda na kukusukuma ukirudi. Kaskazi ni kinyume chake, na ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu unakwenda umebebwa, unajiona una nguvu, kisha unarudi umechoka ukipambana na upepo. Wakati wa kaskazi geuka mapema kuliko moyo unavyotaka. Na upepo ukiwa mgongoni jasho halikauki, joto linabaki mwilini.

Joto, mwanangu. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto la pwani. Siku nne za mwanzo kimbia nusu ya muda uliouzoea, polepole kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kasi ya Nairobi iache Nairobi. Kunywa nusu lita ya maji saa mbili kabla ya kutoka, kisha kunywa kwa kiu. Usijishindilie maji, kwani yakizidi hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo huangusha mtu. Ukirudi umetoka jasho jingi, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sawa, visiwe vya kilima.

Mwenzako akianza kuyumba, akajibu maneno yasiyoeleweka au akakasirika bila sababu, huo si uchovu, ni joto limefika kichwani. Usingoje ngozi ikauke, maana anaweza kuwa bado anatoka jasho. Mlaze kivulini, na pale ufuoni hakuna mti, basi shikilieni leso juu yake imkinge jua, isimguse. Mvueni nguo za juu na mtandio. Wengine wawili washike leso pande zote, stara yake isivunjike. Mwagieni maji mwili mzima bila kukoma, hata ya bahari, huku mmoja akimpepea. Shingo, kwapa na kinena vipate maji zaidi. Akiwa haelewi, msimnyweshe kitu. Mmoja apige simu wakati huo huo, wengine wakiendelea kupoza. Ufuoni hakuna gari la wagonjwa litakalowafikia, kwa hiyo weka simuni namba za manahodha wawili wa boti wa Shela, pamoja na 999 na 112.

Mkiwa kundi, anayekwenda polepole ndiye mwenye kupanga kasi. Mwenye simu na filimbi awe wa mwisho, siyo wa kwanza, kwa sababu anayeanguka huanguka nyuma. Hesabianeni kila mnapogeuka. Masikio yawe wazi, vifaa vya muziki vibaki nyumbani.

Ukiwa peke yako, usiende ufuoni mbali zaidi ya zilipoishia nyumba. Niandikie ujumbe wa mistari mitatu: njia gani, utageukia wapi, utarudi saa ngapi. Ukichelewa dakika 15 nitapiga simu, zikifika 30 watu watatoka kukutafuta. Usiweke mtandaoni mahali ulipo mpaka urudi. Mtu akikufuata au kukusemesha vibaya, usimjibu wala usikimbilie kwenye vilima. Elekea penye watu, duka au msikiti. Na baada ya magharibi usitoke, kiza huingia upesi.

Mitaani usikimbie kabisa, tembea mpaka ukingoni. Punda mwenye mawe au magunia ya mchanga anajaza njia yote, na mzigo wake ndio unaogonga, siyo yeye. Ingia kibarazani mpaka apite. Ukimkuta hana mzigo, pita mbele yake ukisema kitu akusikie, usimpite karibu na miguu ya nyuma. Njia ya ndani kuna bodaboda: kaa upande wa kulia uzione zikija.

Nguo ziwe nyepesi na pana, mtandio ubanwe kwa pini mbili. Usikimbie peku, ufuoni kuna ndoano na vipande vya chupa.

Filimbi mbili nimezitundika kwenye msumari wa funguo, nyuma ya mlango. Moja yako, moja ya yule wa mwisho.

Mamako