Kubadilisha programu hakuponyi sauti ya video

Mhariri,

Mtu akilalamika kwamba video yake ikishageuzwa kuwa MP4 sauti inakuwa ya kunong'ona, au midomo inatangulia maneno, jibu analopewa ni lile lile: pakua programu nyingine. Mimi riziki yangu ni kuhariri video za harusi na mikutano, na ushauri huo umenichosha. Kasoro ikiwa imetoka kwenye faili lenyewe, programu ya pili itakurudishia ile ile.

Chukua sauti ndogo. Filamu nyingi hubeba chaneli sita, yaani njia sita za sauti (ile 5.1), na mazungumzo karibu yote yamo kwenye chaneli ya katikati. Zikibanwa ziwe mbili za stirio, programu huzipunguza ili mchanganyiko usipasuke. Mabomu yanaendelea kunguruma, maneno yanazama. Ukiongeza sauti yote kwa mkupuo, mabomu nayo yanapanda (na majirani wanaamka). Dawa ni kuipa chaneli ya katikati uzito zaidi wakati wa kuchanganya, au kutumia kichujio cha loudnorm, cha kusawazisha ukubwa wa sauti, kilichomo kwenye FFmpeg, programu ya kugeuza video na sauti. Kiendeshe mara mbili: mara ya kwanza kinapima tu, ya pili ndipo kinasahihisha.

Kuhusu midomo, mimi humuuliza mteja kwanza: mwanzoni na mwishoni mwa video, midomo na sauti vinapishana kwa kiasi kile kile? Akisema ndiyo, kazi ni nyepesi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza J au K. Kila mbonyezo unasogeza sauti milisekunde 50. Ukipata inapokaa, kiasi hicho ndicho utakachoweka wakati wa kugeuza.

Lakini mwanzoni vikiwa vinaenda pamoja, kisha mwishoni vimeachana, kusogeza ni kazi bure. Hapo video za simu ndizo sugu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha za kila sekunde, kadiri mwanga unavyobadilika, kisha programu ya kuhariri inazihesabu kana kwamba zimepangwa sawasawa. Hata tofauti ya fremu 29.97 na 30 kwa sekunde, inayoonekana si kitu, kwa saa moja huzaa karibu sekunde nne! HandBrake, programu ya kugeuza video, ina sehemu ya kuchagua kasi ya fremu isiyobadilika. Pitisha video humo kabla hujaanza kuikata.

Na faili la awali lisifutwe mpaka lililogeuzwa limetazamwa hadi mwisho. Wengi huonja dakika mbili za mwanzo, ambako pengo bado halijafunguka.

Mhariri wa video