Wafilipino wana katuni zao wenyewe, zipeni nafasi

Ndugu mhariri, salaam.

Naandika nikiwa Dubai, mimi ni mtu wa Tanga ila huku nipo mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ghalani, na ukurasa wenu wa burudani huwa nausoma kwenye simu kila Jumamosi nikitoka zamu. Majuzi mliandika kuhusu katuni, makala nzuri tu nimeipenda, ila mlisema katuni kubwa za dunia zinatoka sehemu mbili, Marekani na Japani, mkaishia hapo. Hapo ndo nikashindwa kunyamaza maana nalala chumba kimoja na mtu aliyekuwa anazichora hizo za Marekani, na Marekani yenyewe hajawahi kufika.

Ni Mfilipino, ana miaka 50 na kitu, wote ghalani tunamwita Kuya ambayo kwao maana yake kaka mkubwa. Miaka ya tisini alikuwa kwenye studio moja Manila, kazi yake michoro ya katikati. Yaani mchoraji mkuu anachora mkono ukiwa chini halafu anachora mkono ukiwa juu, sasa ile michoro yote inayoupandisha mkono taratibu mpaka ufike huko juu ndo anachora yeye, karatasi juu ya karatasi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, na filamu inapitisha picha 24 kwa sekunde moja kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Walikuwa wanalipwa kwa idadi ya michoro. Kuna wiki anasema alikuwa anaota penseli.

Na hakuwa peke yake. Hanna-Barbera, kampuni ya katuni ya Marekani, walifungua studio yao Manila mwishoni mwa miaka ya themanini, Toei ya Japani wapo pale tangu 1986, na Toon City iliyoanza 1993 imefanya kazi kibao za televisheni za Disney. Zile Dragon Ball, Sailor Moon na One Piece tulizokuwa tunazigombania rimoti, mikono ya Wafilipino imo humo ndani. Mimi nimekua nazitazama na sikujua.

Sasa kilichonifanya nishike simu niandike ni hiki. Siku moja kontena limechelewa tukawa tumekaa tu, Kuya akaokota karatasi nane za mizigo zilizokwisha kazi akachora nyuma yake ndege, karatasi moja moja, kisha akazibana pamoja akazipeperusha kwa kidole gumba. Yule ndege akanyanyua shingo, akafungua bawa moja, likafuata la pili, mkia ukateremka kama kanga inayoanikwa. Nikamwomba arudie mara tatu. Nikamuuliza huyu wa katuni gani, akasema huyu wa kwetu, Ibong Adarna.

Kumbe ni hadithi yao ya zamani, ya mashairi, ndefu kama tenzi zetu, na watoto wao wanaisoma shuleni. Mfalme anaumwa, dawa yake ni wimbo wa ndege mmoja tu aliye mlimani. Wana wawili wa mfalme wanakwenda kwa zamu, ndege anaimba nyimbo saba na kila wimbo anabadilisha manyoya, wao usingizi unawachukua, ndege akimaliza anadondosha kinyesi na anayedondoshewa anageuka jiwe. Wa tatu, Don Juan, anajikata kiganja kila wimbo na kukamulia ndimu kwenye kidonda ili maumivu yamkeshe. Mhariri niambie, hiyo ungeisikia kwa bibi yako usiku ungelala?

Basi huyo ndege alishafanyiwa filamu ya katuni mwaka 1997, aliyeiongoza ni Geirry Garccia, ndiye huyohuyo aliyetengeneza katuni ya Ang Panday kwa ajili ya televisheni mwaka 1986. Na kabla yake kuna mchora katuni Nonoy Marcelo na filamu yake ya katuni, Tadhana, ya 1978. Kwa hiyo hawa watu hawakuanza jana, wana kazi zao za miaka na miaka ila dunia imezoea kuwapa tenda tu, chora hiki, chora kile, tuletee Ijumaa.

Kilichowasaidia ni kupewa nafasi. Manila kuna tamasha la filamu lipo tangu 1975, kila Desemba 25 majumba ya sinema yanaweka filamu za nje pembeni na kwa karibu wiki mbili zinaonyeshwa za Kifilipino peke yake. Mlango huo ndo Adarna ilipita, ikaja Dayo mwaka 2008, ikaja RPG Metanoia mwaka 2010 ambayo ndo ya kwanza ndefu ya kwao iliyotengenezwa kwa kompyuta kwa mtindo wa 3D, mtoto amezama kwenye gemu mpaka anasahau kwamba nje kuna mtaa na wenzake. Kisha Saving Sally, 2016, waigizaji ni watu kweli ila jiji lote la Manila nyuma yao limechorwa, na ilichukua zaidi ya miaka 10 kukamilika. Miaka 10 na ushee mhariri, kwa filamu moja! Mtu hafanyi hivyo kwa sababu ya hela. Na tangu 2007 wana tamasha la animesheni peke yake, Animahenasyon, hata wanafunzi wanapeleka kazi zao.

Wapo na viumbe ambavyo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana. Manananggal ni mwanamke anayekatika kiuno usiku, nusu ya juu inaota mabawa kama ya popo na kuruka, hapo mtu yeyote aliyekaa Pemba atasema huyu namjua ndugu yake. Kapre ni jitu linakaa kwenye mti mkubwa linavuta tumbaku, nani kwetu hajakatazwa kupita chini ya mbuyu magharibi? Trese, katuni ya mfululizo iliyotoka Netflix mwaka 2021, imejaa viumbe hivi, imetokana na vitabu vya katuni vya Budjette Tan na Kajo Baldisimo, ila kinachoniuma ni kwamba uchoraji wake ulifanyikia nje ya Ufilipino. Nchi imechorea wengine miaka karibu 40, hadithi yake ilipopata pesa kubwa kazi ikapelekwa kwingine. Kuya nilipomwambia hakusema kitu, aliendelea kukunja nguo.

Ila nikiambiwa nichague moja ya kuwaonyesha wasomaji wenu ni Iti Mapukpukaw ya Carl Joseph Papa, jina ni la Kiilokano, lugha mojawapo ya Ufilipino, ilishinda filamu bora kwenye tamasha lao la filamu la Cinemalaya mwaka 2023 na Ufilipino wakaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupeleka animesheni. Mhusika mkuu anaitwa Eric naye ni mchora animesheni na hana mdomo. Uso umechorwa vizuri, macho, pua, halafu hapo chini patupu, ngozi tu. Anaongea kwa kuandika kwenye kibao alichoning'iniza shingoni. Kuna jambo alitendewa utotoni ambalo hawezi kulisema na filamu inakwenda nalo taratibu sana, si ya watoto wadogo nawaambia mapema. Tuliitazama na Kuya kwenye simu yake tukigawana spika za masikioni, na ilipoisha alikaa muda mrefu ndo akasema yule bwana anashika penseli kama sisi.

Ninachoomba sasa. Tamthilia za Kifilipino zimeonyeshwa sana huko nyumbani, mama yangu anawajua waigizaji kwa majina, na stesheni zikitaka kuweka sauti za Kiswahili zinaweka. Basi hao hao wanaonunua tamthilia waulizie na animesheni, waanze na Dayo kwa ajili ya watoto. Tamasha la filamu la Zanzibar nao watenge usiku mmoja pale Ngome Kongwe. Na nyinyi mhariri nawaomba nusu ukurasa tu, kila mwezi kazi moja, jina la aliyeichora liandikwe kubwa juu.

Mimi kuandika najitolea, sihitaji malipo. Ya kwanza nimeshaianza, ni ya yule ndege, na Kuya amekubali kuwachorea picha yake upya kwenye karatasi safi.

Msomaji wenu,
Dubai