Ukimlipa dada wa kazi, wewe ni mwajiri

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya ushauri wa kisheria naisoma kila inapotoka, ila naona inazungumza zaidi na wenye kampuni: meneja afanye nini, ofisa utumishi aandike nini. Mwajiri ninayekutana naye mimi katika usaidizi wa kisheria hapa Dar es Salaam hana ofisi wala muhuri. Ni baba au mama mwenye familia, ana dada wa kazi aliyeletewa kutoka Singida au Iringa, na ukimwita mwajiri anashangaa. "Huyu tunaishi naye kama mwanetu," ndivyo wanavyosema karibu wote. Sawa, lakini mwanao humlipi mshahara, wala humfukuzi sahani zikivunjika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), haikuwaweka kando wafanyakazi wa majumbani. Kima cha chini kipo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja, kwa nyumba za watu wa kawaida, shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwao. Viwango hubadilishwa kwa amri mpya, kwa hiyo kabla hamjakubaliana pita ofisi ya kazi uulize cha sasa.

Ugomvi mwingi ninaouona unaanzia kwenye kukosa karatasi. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: jina na umri wake, alikotolewa, kazi atakazofanya, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara. Huhitaji wakili, karatasi ya daftari la mtoto, mkiisaini wote wawili, inatosha kabisa. Wengi hawaandiki kwa kuona haya, eti ataona hatumwamini. Halafu siku ya kuachana dada anasema waliahidiana laki moja, mama mwenye nyumba anasema elfu sabini, na shangazi aliyemleta ana hesabu yake ya tatu. Hapo sheria haimwachi mwajiri salama: asiye na maandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inayopotea ni ya mwenye nyumba.

Kuna hili la "namtunzia hela zake asizitumie ovyo", ambalo mimi silipendi hata likifanywa kwa nia njema. Mshahara analipwa mfanyakazi mwenyewe, siku mliyokubaliana. Akitaka kumtumia shangazi au kununua mbuzi kijijini, ni uamuzi wake. Binti aliyetunziwa mshahara wa mwaka mzima hudai fungu kubwa kwa mkupuo siku ya kuondoka, na sijaona nyumba iliyokuwa nalo tayari.

Na hizo sahani, au pasi iliyounguza shati la baba? Kukata mshahara kwa hasara kunaruhusiwa, lakini kwa utaratibu. Iwe hasara aliyoisababisha kwa kosa lake akiwa kazini. Umwandikie chanzo chake, kiasi na ulivyopiga hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kumwambia tu kwamba mwezi huu hana kitu kwa sababu ya blenda, hapana.

Anayelipwa kwa mwezi, ukimwachisha kazi, anastahili notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, yenye sababu, au alipwe badala yake. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira yake ni siku 7. Wajibu wa notisi unamhusu na dada anayeaga Jumapili kwenda kanisani asirudi. Kama alitolewa mkoani, umsafirishe na mizigo yake hadi ulikomtoa, au umpe pesa isiyopungua nauli ya basi hadi stendi ya karibu na huko. Kwamba aliyemtafuta ni dalali au shangazi, si wewe, hakukuondolei deni hilo. Alimtafuta kwa niaba yako.

Wafanyakazi wenyewe wanaumia zaidi kwenye muda. Binti akifukuzwa anakimbilia kwa ndugu Mbagala. Shangazi anapiga simu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaita kikao, bosi anaahidi mwisho wa mwezi, na mwezi unaisha. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Vikao vya mtaa havisimamishi siku hizo. Kuchelewa kunaombewa ruhusa kwa kueleza sababu, lakini "tulikuwa tunazungumza kifamilia" ni sababu ambayo nisingependa kuitegemea. Jazeni fomu CMA F1, mwajiri apewe nakala, mtunze uthibitisho kwamba ameipokea. Mazungumzo ya nyumbani yaendelee huku lalamiko limeshafika. Hakuna ada. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo halali, ila mshahara wake anaudai kama kawaida.

Nawe mwenye nyumba, ukipata wito usiuweke chini ya godoro. Usipofika, msuluhishi anaweza kuamua shauri bila wewe.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Chapisheni kwenye safu hiyo mfano wa karatasi ya maelezo ya kazi ya msaidizi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha kawaida na nafasi za kujaza, msomaji aikate na kuitumia. Nitakuwa wa kwanza kuipeleka kopi.

Msaidizi wa kisheria,
Temeke, Dar es Salaam