Anayefadhili mchezo mpya alipie mazoezi

Bwana Mhariri,

Kila maonyesho yakipita hapa Mombasa, lawama ni ile ile: michezo mipya ya jukwaani haijaiva. Lawama hiyo ina ukweli, ila hubebeshwa waigizaji, ambao mara nyingi ndio wenye kosa dogo kuliko wote. Mfadhili, awe hoteli, shirika au idara ya serikali, huuliza jambo moja tu: onyesho ni lini? Pesa zake hulipia mabango, kodi ya ukumbi ya usiku mmoja na soda za wageni waalikwa. Wiki zilizotangulia usiku huo hazimo kwenye bajeti.

Tuzihesabu. Kwa makadirio ya kawaida, dakika moja jukwaani hudai muda wa saa moja wa mazoezi, kwa hiyo mchezo wa dakika 80 unataka saa 80. Waigizaji wetu wengi ni watu wa zamu, hotelini, bandarini na madukani. Huwapati ila jioni, saa tatu kwa siku, siku nne kwa wiki. Hapo wiki saba zinakaribia kwisha, na bado hujamhesabu aliyebadilishiwa zamu ghafla. Watu wanane kwa siku 27 ni nauli 216 za kwenda na 216 za kurudi. Nauli hizo zisipolipwa, anayekaa Mtwapa ndiye wa kwanza kukosekana, na asipokuwepo yeye, wenzake hufanya mazoezi na kiti kitupu.

Kikundi kinachozungusha tamthilia teule shuleni hakisumbuki hivyo. Kitabu kimeshahaririwa, mwanafunzi amekisoma, shule imelipa. Hatuibezi kazi hiyo. Ndiyo inayowalisha wasanii wengi. Lakini mswada mpya huja na kasoro zisizoonekana kwenye karatasi, na dawa yake ni wiki mbili za kuketi mezani na kuusoma kwa sauti kabla mtu yeyote hajasimama jukwaani.

Ukurasa uliopigwa chapa vizuri huchukua kama dakika moja. Mwandishi akileta kurasa 110 za mchezo wa dakika 80, jueni kuna nusu saa ya kukata. Mmoja asome maelekezo ya jukwaani, mwingine ashike saa na kuandika muda wa kila sehemu ya mchezo, na mwandishi anyamaze. Akianza kueleza alichokusudia, zoezi limeharibika, kwa maana siku yenyewe hatakuwepo wa kueleza. Msomaji akijikwaa mara mbili pale pale, tieni alama. Aghalabu sentensi imezidi pumzi.

Kasoro inayojirudia kuliko zote ni ya mtu kuingia na kumwambia ndugu yake, "Kama ujuavyo, baba yetu alifariki mwaka juzi na nyumba ya Mji wa Kale ikabaki mikononi mwa ami." Ndugu analijua hilo vizuri sana! Hadhira hung'amua mara moja kuwa ndiyo inayoambiwa, na mchezo hupoa papo hapo. Futeni mstari wote. Mpeni ami ufunguo, asimame nao mlangoni huku mpwawe akibisha hodi, na hakuna atakayeuliza nyumba iko kwa nani. Angalieni na lugha. Nyanya akisema kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, "ndoo hapa" ukurasa wa 3, asije akasema "njoo hapa" ukurasa wa 20. Watu wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, hawasamehi hilo, na wana haki.

Mwisho wa wiki ya tatu mswada ufungwe. Badiliko lolote baada ya hapo liandikwe kwenye karatasi ya rangi nyingine yenye tarehe, wapewe wote siku moja. Pasipo hivyo, wawili watapanda jukwaani kila mmoja na mchezo wake.

Kitu cha pili cha kulipiwa ni usiku wa kabla ya onyesho. Kumbi nyingi hukodishwa kwa siku. Kikundi huingia saa nane mchana na pazia ni saa mbili usiku, na ndani ya muda huo zifungwe taa, zisimamishwe kuta, zipimwe sauti. Kinachorukwa kila mara ni zoezi la kuupitisha mchezo mzima pamoja na taa na maleba. Kisha watu hushangaa taa zikizimika katikati ya kilio cha mama.

Sababu yake si uchawi. Taa ya halojeni ya wati 1,000 kwenye stima ya volti 240 hula ampea 4 na kitu. Soketi ya ampea 13 hubeba taa tatu. Ya nne huizidi, na fyuzi yaweza kuungua. Zigawanyeni kwenye soketi za saketi tofauti, na waya wa kurefushia ukunjuliwe wote, kwani ukiachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake hupata moto hadi kuyeyuka. Feni nazo ziwashwe wakati wa zoezi. Mwigizaji aliyezoea kunong'ona feni zikiwa zimezimwa hasikiki ng'o ukumbi ukijaa, na wakati wa kaskazi hakuna hadhira itakayokubali zizimwe. Kwenye ukumbi wa mabati, Aprili na Mei msijaribu. Mvua ya masika ikianza, hata mwenye sauti ya muadhini atanyamaza.

Kuta za jukwaa zisiwe za mbao tupu, ni nzito na ghali. Fremu ya futi 8 kwa 4, ivikwe merikani, ipigwe kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ili kitambaa kikaze, kisha rangi. Watu wawili huibeba, na mkokoteni mmoja hubeba nyingi. Nyuma egemezeni mti wenye kiroba cha mchanga mguuni.

Pazia lenyewe lifunguliwe saa mbili na robo, Isha ikishaswaliwa. Mchezo wa dakika 80 usio na mapumziko utakwisha kabla ya saa nne, na mtu wa Likoni hatavuka feri usiku wa manane.

Limebaki la mwandishi, na hapa wengi huumia bila kujua. Kwa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mfadhili anayemwambia kijana "tuandikie mchezo" na kumpa bahasha huenda ameondoka na mchezo wenyewe. Mkataba wa ukurasa mmoja watosha: hakimiliki ibaki kwa mwandishi, kikundi kipewe ruhusa ya kuucheza kwa muda utakaotajwa, mwandishi apate asilimia 10 ya mapato ya mlangoni, na jina lake liwe kwenye kila bango. Utiwe sahihi kabla ya usomaji wa kwanza, siku ile ile inapotolewa nauli ya wiki ya kwanza.

Wasanii wa jukwaa,
Mombasa